Shangazi, Binti Yangu Amekuwa Jaji

Mfuko wa barua za Shangazi umejaa televisheni. Kwa kawaida wasomaji wa Mbulu na Hanang humwandikia kuhusu mipaka ya mashamba, wakwe wasioaga, na vijana waliokwenda Arusha kutafuta maisha wakarudi na viatu vipya tu. Safari hii wanauliza jambo moja kwa sura tofauti: haya mashindano ya kuimba ya kwenye luninga yanafaa kutazamwa na familia nzima, au watoto wapelekwe kulala? Shangazi amevuta sweta, amejimiminia chai ya maziwa, ameanza kujibu.

Barua ya kwanza imetoka kwa baba wa watoto wanne wa Tumati. Msimu uliopita aliuza vitunguu saumu vizuri, akanunua sola, luninga ndogo na king'amuzi. Alidhani watoto watajifunza kuimba. Hawaimbi. Wanaketi watatu kwenye benchi nyuma ya debe lililofunikwa kitenge, na kila anayepita uani anahukumiwa. Mama yao aliimba kidogo huku akichambua maharage. Binti wa miaka tisa akamwambia sauti haijatulia, kwa hiyo kwake ni hapana. Baba alicheka. Jumapili iliyofuata katekista alianza wimbo kwa ufunguo wa juu mno, akakwama, na binti yule yule, akiwa kiti cha mbele, akainua mikono miwili na kuipishanisha ikawa alama ya mkasi. Kanisa zima liliona. Baba anauliza amchape, au ang'oe king'amuzi?

Asimchape. Mtoto ameona sawasawa kilichopo kwenye luninga. Mtazamaji mzima hudhani mhusika mkuu wa mashindano haya ni mwimbaji. Mtoto anatazama nani ana kiti, nani ana glasi ya maji, nani anaruhusiwa kucheka, nani akisema neno moja mtu mwingine analia. Mwimbaji anasimama dakika moja na nusu jasho likimtoka, kisha anaondoka. Jaji anabaki msimu mzima. Mtoto mwenye akili timamu atataka kuwa nani?

Tena baba huyu ajue kitu ambacho kingamsaidia kuzungumza na bintiye. Katika mashindano makubwa ya Marekani na Uingereza, yale yaliyozaa mfumo huu wote, Pop Idol ya mwaka 2001 na American Idol iliyofuata 2002, mtu hafiki mbele ya majaji mashuhuri moja kwa moja kutoka kwenye foleni. Kwanza anapita kwa watayarishaji, na mara nyingi zaidi ya hatua moja. Maana yake ni kwamba yule mwimbaji mbovu anayewavunja watu mbavu hakupenya kwa bahati mbaya. Kuna mtu alimsikia, akajua hawezi, akampitisha makusudi ili achekwe. Mwaka 2004 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko California, William Hung, aliimba vibaya mbele ya majaji wa American Idol, akakataliwa, na akawa maarufu dunia nzima kuliko baadhi ya waliofuzu. Yeye alilichukua kwa uungwana na hata akatoa albamu. Si kila mtu ana ngozi ya namna hiyo, na mtoto wa miaka tisa hana kabisa.

Kwetu Bongo Star Search, ambayo Madam Rita Paulsen na Benchmark Production wameiendesha kwa misimu mingi, imepita humo humo. Vipindi vya usaili mikoani ndivyo vilivyozungumzwa zaidi mitaani, na ulimi wa Salama Jabir kwenye kiti cha ujaji ulinukuliwa kama methali. Mmoja wa waliojaribu bahati yao pale wakarudishwa ni kijana wa Mtwara, Rajabu Abdul, ambaye leo watoto wa Tumati wanamjua kwa jina la Harmonize. Baba amsimulie binti habari hiyo. Asiseme kwamba majaji walikuwa wajinga, kwa sababu pengine siku ile kijana aliimba ovyo kweli. Aseme tu kwamba hukumu ya dakika mbili ni hukumu ya dakika mbili.

Dawa ya Shangazi kwa nyumba hii ni hii. Vipindi vya usaili, vile vya kuchekana, familia ivipishe. Ianze kutazama pale washindani wanapokuwa wachache, wana mwalimu wa sauti na bendi, na makosa yanasahihishwa. Halafu kuwe na sheria ya benchi: anayetoa hukumu ataje sababu inayoweza kurekebishwa, kisha aimbe yeye wimbo huo huo. Kenya wana Tamasha la Muziki lililoanza mwaka 1927, ambako watoto wa shule huimba mbele ya waamuzi kila mwaka. Mwamuzi huandika alama na maelezo: pumzi, matamshi, mwendo. Mtoto anaweza kupata alama 68 akarudi nyumbani akijua la kufanya. Kuhusu katekista, binti aende akamwombe radhi, na katekista naye ashushe ufunguo.

Barua ya pili si ya kuchekesha sana. Mwalimu wa kwaya ya watoto ana mvulana wa miaka 12 mwenye sauti ambayo, kwa maneno yake, inasimamisha ng'ombe malishoni. Wazazi wameshaanza kuchanga nauli ili mtoto akafanyiwe usaili mjini. Wanasema akishinda atajenga nyumba ya bati jipya.

Shangazi haanzi na kusema hapana. Ushahidi wa upande wa ndiyo upo, na ni mzito. Mwaka 2019 yalifanyika mashindano ya East Africa's Got Talent yakiunganisha Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, Vanessa Mdee akiwa jaji kutoka kwetu na Anne Kansiime akiwa mshereheshaji. Walioondoka na dola 50,000 ni ndugu wawili wa Uganda, Esther na Ezekiel Mutesasira, watoto wa shule walioimba wakiwa wawili. Miaka minne baadaye Ghetto Kids wa Kampala walicheza kwenye Britain's Got Talent, na jaji Bruno Tonioli akashindwa kusubiri wamalize, akabonyeza kitufe cha dhahabu katikati ya onyesho. Sebule nyingi za Afrika Mashariki zililia machozi ya furaha siku ile, na Shangazi hakuwa mbali na leso.

Lakini jukwaa hilo hilo la Uingereza lina picha nyingine. Mwaka 2009, katika nusu fainali iliyokuwa ikirushwa moja kwa moja, Hollie Steel wa miaka 10 alipotewa na wimbo, akasimama katikati ya taa zote zile akilia na kuomba aanze tena. Mtangazaji alisema muda umekwisha. Mama yake alipanda jukwaani kumshika. Mwishowe alipewa nafasi ya pili, akafika fainali, ila mamilioni walikuwa wameshamwona. Msimu huo huo Susan Boyle, mama mzima wa miaka 48, aliposhika nafasi ya pili alipelekwa hospitali kupumzisha akili kwa uchovu. Ikiwa mtu mzima alichoka kiasi hicho, mwalimu na apige hesabu ya mvulana wake.

Uingereza angalau mtoto wa umri wa shule anayepanda jukwaa la televisheni huhitaji kibali cha mamlaka ya eneo lake, na kanuni za utangazaji zinadai hali yake ya mwili na ya moyo itunzwe. Kwetu ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Umri wa chini wa kuajiriwa ni 14, tena kwa kazi nyepesi isiyomzuia kusoma, na kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, imekatazwa. Mwanasheria atasema kuimba kwenye shindano si ajira. Sawa. Lakini matangazo yanauzwa, kura za ujumbe mfupi zinalipiwa, kamera zinawaka hadi usiku, na bidhaa inayotazamwa ni yule mtoto. Shangazi angependa kumsikia mwanasheria huyo akieleza hiyo inaitwaje basi.

Na hii habari ya bati jipya. Walter Chilambo alishinda Bongo Star Search mwaka 2012, akapewa milioni 50. Hakukomea hapo, ila jina lake la leo limejengwa na nyimbo za Injili alizozifanyia kazi miaka baada ya shindano. Kayumba Juma alishinda mwaka 2015, naye ilimbidi aingie studio kama mtu yeyote. Hao walikuwa vijana wa kujitegemea. Mvulana wa miaka 12 akibebeshwa bati la nyumba, akikosea noti moja atadhani ameezua paa la wazazi wake. Nauli iliyochangwa inunue kinanda kidogo cha kwaya. Mtoto aingie UMITASHUMTA, ambako shule za msingi hushindana pia kwa kwaya na ngoma, anaimba akiwa na wenzake ubavuni, na wakishindwa wanashindwa arobaini. Akifika miaka 18 na sauti ikiwa bado ipo, kwa maana sauti za wavulana zina tabia ya kuhama, Shangazi mwenyewe atachangia tiketi ya basi.

Mzee wa Hanang ameandika kwa hasira kwamba mashindano ya kuimba ni mambo ya kizungu yaliyokuja na ving'amuzi, na kwamba zamani watu waliimba kwa amani.

Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, amani hiyo ilikuwa wapi? Ngoma za beni kutoka Lamu hadi Tanga zilishindana tangu enzi za ukoloni mpaka watu wakafilisika kwa ajili ya sare na ng'ombe wa karamu. Dar es Salaam ya miaka ya 1990 ilikuwa na kundi la taarabu la TOT upande mmoja na lile la Muungano upande wa pili, Khadija Kopa na Nasma Khamis wakirushiana mipasho ambayo mama mwenye haya alizima redio mtoto akiingia. Ukilinganisha na hayo, kijana aliyevaa shati safi akiimba wimbo wa mapenzi mbele ya majaji watatu ni ibada.

Penye ukweli wa mzee ni kwingine. Wairaqw wana slufay, ile sala ndefu yenye ushairi inayosemwa na mzee huku waliohudhuria wakiitikia kwa pamoja. Watu wanaosikiliza ni sehemu ya utungo. Wakinyamaza, mzee hana pa kukanyaga. Luninga imempa msikilizaji kazi mpya, ya kumwondoa mtu kila wiki. Mzee badala ya kulaani king'amuzi awaite wajukuu jioni moja awafundishe kuitikia, maana hilo hakuna chaneli inayolifundisha, hata ya kulipia.

Mwenye kibanda umiza wa Dongobesh anauliza kama ni dhambi kuwaingiza watoto usiku wa fainali kwa shilingi mia mbili, ilhali kwenye mechi za Simba na Yanga hakuna anayemlaumu.

Wimbo si tatizo. Tatizo ni saa na majirani wa benchi. Fainali hizi hurefushwa kwa matangazo hadi usiku mkubwa, na kibandani kuna watu wazima waliokuja na chupa zao. Kenya huweka mpaka wa vipindi vya familia saa 4 usiku, lakini mpaka huo unamlinda mtoto aliye kwao, haumfikishi nyumbani gizani kwenye baridi ya Mbulu. Halafu amwangalie pia mdhamini. Tusker Project Fame, iliyoanza mwaka 2006 kwa ushindi wa Valerie Kimani wa Kenya, ilikuwa ya kupendeza. Peter Msechu wetu alishika nafasi ya pili mwaka 2010 tukamshangilia. Ila jina la bia lilikuwa kwenye kichwa cha kipindi, na mtoto aliyeimba wimbo wa ufunguzi alikuwa akiitangaza bia bure. Mwenye kibanda aonyeshe marudio Jumamosi mchana, mlango wazi, bila chupa. Mia mbili zake atazipata zile zile.

Ya mwisho ni ya bibi wa Katesh. Mshiriki anayempenda, anayefanana na mjukuu wake aliye Dodoma, amebaki kwenye tano bora. Bibi ameshatuma ujumbe wa kura mpaka salio likaisha, na sasa anamtazama jogoo wake kwa jicho la biashara. Anauliza auze?

Bibi asiuze. Ujumbe wa kura hutozwa zaidi ya ule wa kawaida, na hauna kikomo: mwenye vocha nyingi anapiga kura nyingi, iwe mshiriki anaimba au anakohoa. Salio likipatikana, ampigie mjukuu wa Dodoma.