Mkebe Umeapa

Ukipata B ya kemia huku Chwele, usidhani cheti ni cha kutafutia kazi peke yake. Ni cha kuwasomea watu mafuta. Siwezi kupita sokoni kununua vitunguu bila mama fulani kunishika mkono na kunisukumia kikopo usoni: "Wewe uliyesoma, hapa wameandika nini?" Maandishi yenyewe ni ya kupigwa picha kwa simu kwanza, kisha uyakuze.

Nikimaliza kusoma, muuzaji naye husoma upya. Wateja humwamini yeye, maana yeye ana sauti na turubai.

Kuna kichoro cha kikopo kilichofunguliwa kifuniko, kimeandikwa 12M. Ukishakifungua, una miezi 12 ya kukitumia, basi. Muuzaji wetu husoma miaka 12. Shangazi yangu alimwamini. Losheni aliyonunuliwa kwenye harusi ya binti yake bado imo sandukuni, imekuwa rangi ya strungi, na hupakwa wageni wa heshima tu. Kile cha mkono juu ya kitabu hukuelekeza usome karatasi iliyofungwa pamoja na bidhaa. Muuzaji anasema hapo kampuni imeapa kwa Biblia kwamba si feki. Halafu kuna mishale miwili ya kijani inayofukuzana kwenye duara. Ilianzia Ujerumani, na inaonyesha tu kwamba mwenye bidhaa amechangia gharama za kukusanya taka za vifungashio. Hata haiahidi kwamba chupa yenyewe itarejelewa. "Hapa," muuzaji anazungusha kidole, "ngozi inarudi ujanani."

Orodha ya viungo ndiyo ngumu zaidi, ila ukishahudhuria harambee moja ya karo umeielewa. Aliyetoa nyingi hutajwa kwanza, akifuatiwa na wengine kwa kiwango chao, hadi mnapofika kwa wale wa shilingi hamsini ambao hutajwa ovyo ovyo. Viungo navyo hupangwa kwa uzito, mkubwa mbele. Vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kuandikwa kwa mpangilio wowote. Mgeni rasmi karibu kila mara ni Aqua. Ni maji. Ile aloe vera iliyochorwa kubwa mbele ya chupa utaikuta mkiani, nyuma ya manukato, imetoa hamsini yake. Na usitishwe na Persea gratissima. Ni avokado, ileile inayotuozea chini ya mti.

Binamu yangu alisusa lipstiki yake nilipomwambia kwamba CI 75470 ni rangi nyekundu inayotokana na wadudu. Nilimshangaa. Sisi tunaokesha tukingoja kumbikumbi watoke kichuguuni tupate kitoweo, leo tunamwogopa mdudu wa mdomoni?

Kukhu, nyanya yangu, peke yake hanisumbui. Yeye ni mtu wa Arimis, yale mafuta ya kukamulia yenye picha ya ng'ombe, ambayo Wakenya wengi tumewapora ng'ombe na kujipaka wenyewe, midomo, visigino na watoto wa shule. Nilimweleza kwamba yalikusudiwa chuchu za ng'ombe. Akaniuliza kama nimewahi kumwona ng'ombe mwenye chuchu zilizopasuka nyumbani kwake.

Nilicheka hadi kesi ya jirani iliponikuta. Bibi wa nyumba alikuwa amenunua krimu ya kung'arisha uso, na maelezo yalimwonya asiiguse akiwa amevaa vito vya dhahabu au fedha. Akawa anavua pete ya ndoa kila jioni na kuiweka kwenye kisahani cha sabuni. Mume, dereva wa probox, akarudi mapema siku moja, akakuta mke ameng'aa, pete haipo kidoleni. Wazee wakaitwa. Mimi nikaitwa na miwani yangu.

Niliwaambia onyo lile la vito huwa dalili ya zebaki. Zebaki hufifisha rangi ya ngozi kweli, lakini huingia mwilini na kuharibu figo. Kenya imeipiga marufuku kwenye vipodozi, na mkataba wa kimataifa wa zebaki, ule wa Minamata, nao, mwaka 2023, uliazimia kuimaliza kabisa kwenye vipodozi ifikapo 2025. Muuzaji, aliyeletwa kama shahidi, akasimama. "Zebaki iko wapi? Someni wote. Haijaandikwa!" Alikuwa na haki kwa hilo, maana wanaoitia hawaiandiki.

Nikaomba basi namba ya kibali cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, tuitume kwa ujumbe kwenda 20023 tuone kama inatambulika. Mkebe ukazungushwa mkono hadi mkono. Kitabu na mkono vilionekana, mishale ilionekana, namba haikuonekana. Muuzaji akasema labda iko kwenye katoni, na katoni iko Kitale.

Hukumu ilikuwa fupi: mke arudishiwe heshima, pete irudi kidoleni, krimu itupwe chooni. Hapo mume akataka kujua mkebe ulinunuliwa bei gani. Mke akataja. Kukawa na ukimya wa mtu kupiga hesabu ya abiria, kisha mzee mmoja akauliza hizo pesa atazirudisha nani. Wote wakanigeukia mimi, kana kwamba hilo nalo limeandikwa kwenye mkebe.