Sababu ya Likizo: Wageni

Ramadhani 19, Jumatano

Mama Mdogo kapiga simu kutoka Muscat. Anakuja kula sikukuu kwetu, na wajukuu wawili. Akaniuliza kama nitakuwa na nafasi. Nikamwambia nafasi ipo tele. Simu ilipokatika ndipo nilipokumbuka kuwa nafanya kazi kwenye kiwanja cha pembea, na kwamba sikukuu ndizo siku ambazo kiwanja cha pembea hula chakula cha mwaka mzima.

Jina la kiwanja silitaji. Si cha Mnazi Mmoja, si cha Kariakoo ya hapa Zanzibar. Ni cha mtu, na mshahara wa mwezi huu bado sijaupokea.

Ramadhani 20, Alhamisi

Fomu ya likizo ina mambo matatu: tarehe ya kuanza, tarehe ya kurudi, sababu. Kwenye sababu nikaandika "Wageni". Msimamizi akaisoma, akavua miwani.

"Wageni si sababu. Kisiwa hiki kizima kinaishi kwa wageni. Kila mwenye wageni akipewa likizo, wageni watapokewa na nani?"

Nikakaa natafuta jibu mpaka adhana ya Alasiri. Sikulipata. Nikafuta, nikaandika "Mama Mdogo". Akasema mama wadogo yeye anao wanne.

Kwenye tarehe nilikuwa nimeandika "Sikukuu mosi hadi sikukuu tatu". Akasema hiyo si tarehe. Nikamwambia tarehe yenyewe anayo mwezi, nasi tunamngoja yeye. Akasema mwezi hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi, nikatafute tarehe yenye namba.

Ramadhani 21, Ijumaa

Ramadhani kiwanja hakifunguliwi. Mchana tunapaka grisi na kupigana na kutu, usiku tuko huru. Baada ya tarawehe nimekwenda Jaws Corner kutafuta tarehe. Wazee sita, vikombe sita vya kahawa, rai mbili. Mmoja kasema mwezi huu una 29, akatoa hesabu ndefu iliyoanzia Rajabu. Wa pili akasema 30, kwa sababu mgongo unamuuma. Wengine wanne wakaendelea na siasa.

Nimemfuata mwenye hesabu. Mimi ni mtu niliyesoma.

Ramadhani 23, Jumapili

Fomu imerudi na muhuri. Nimepewa siku mbili badala ya tatu: Jumapili ijayo na Jumatatu. Fundi wetu wa mitambo kapewa siku saba. Yeye kwenye sababu aliandika "Makunduchi". Hakuulizwa Makunduchi kuna nini.

Ramadhani 27, Alhamisi

Wameingia. Masanduku matatu, na moja lote ni halua ya Muscat. Mama kaipokea kwa shukrani, akaiweka kabatini ubavuni mwa halua ya Pemba aliyomnunulia mdogo wake arudi nayo Muscat.

Mjukuu mkubwa ana miaka minane. Kaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nazungusha pembea, ile ya duara. Akauliza kama ni kama ya Dubai. Ya Dubai ina mita 250, kaipanda mwenyewe. Nikamwambia yetu iko sawa na mwembe wa jirani. Sikumwambia kuwa mwembe bado unakua.

Wakati wa futari Mama Mdogo kataja kuwa kwake leo ni 28. Oman walianza siku moja kabla yetu. Jambo hili halikumshughulisha mtu. Tulikuwa kwenye mhogo wa nazi.

Ramadhani 29, Jumamosi

Mtaa mzima umepanda juu ya mapaa kutazama magharibi. Upande wa magharibi kulikuwa na wingu moja, kubwa, limekaa kama lililokodi pahala. Baada ya Isha tukaikusanyikia redio. Usiku ulipokwenda tangazo likatoka: mwezi haukuandama popote, kesho tunakamilisha thelathini.

Mgongo wa yule mzee wa Jaws Corner ulikuwa na haki.

Mama Mdogo akaweka kikombe chini. "Mie leo nimetimiza thelathini. Thelathini na moja sijaisikia tangu nizaliwe." Mama akamwambia asiseme kwa sauti. Nikatumwa kwa imamu. Imamu kasema msafiri hufuata mji aliofikia: watu wa hapa wakifunga, anafunga nao. Nikarudi na jibu. Mama Mdogo akauliza imamu huyo ni mtoto wa nani.

Ramadhani 30, Jumapili

Siku yangu ya kwanza ya likizo. Nimefunga.

Asubuhi nilimpigia msimamizi kumwomba siku zangu zisogezwe kwa moja, kwa sababu sikukuu imesogea. Akasema likizo ikishapigwa muhuri haitembei. Nikamwambia mwezi umetembea. Akasema basi mwezi anitilie saini.

Muscat wanasherehekea. Tangu alfajiri simu ya Mama Mdogo inalia: picha za kanzu mpya, picha za masinia, picha za mbuzi akiwa hai, na nyingine za mbuzi huyohuyo baadaye. Saa sita jirani yetu, ambaye hufuata tangazo la Makka, akatuletea sahani ya biriani iliyofunikwa kawa. Akasema Idi mubarak. Mama akampokea, akamwambia na wewe pia, kesho. Biriani ikakaa juu ya kabati na harufu yake ikakaa nasi.

Kuwatoa nyumbani nikawapeleka Forodhani. Mchana wa Ramadhani Forodhani ni bahari na paka. Mama Mdogo akataka kuwaonyesha wajukuu Beit al-Ajaib, jumba alilolijengesha Sultani Barghash mwaka 1883, na mnara wake wa saa. Jumba liliporomoka upande mmoja Disemba 2020, na mnara ukaenda nao. Wajukuu wakaonyeshwa uzio wa mabati. Mdogo akasema ni mrefu.

Sikukuu mosi, Jumatatu

Siku ya pili ya likizo, na ya mwisho. Swala, pilau, nyumba tisa za jamaa, pilau. Watoto wa mtaani wamenijua. Badala ya kuniomba mkono wa Idi wananiomba tiketi. Nimetoa vyote viwili.

Sikukuu pili, Jumanne

Nimerudi kazini. Foleni ilifika barabarani tangu saa nane.

Saa kumi na moja na nusu Mama Mdogo akatokea na wajukuu, buibui jipya, manukato yanayotangulia. Akasema yeye hapandi vitu hivi, atamshikilia mdogo tu. Nikawalipia kutoka mfukoni, maana mfanyakazi akipandisha jamaa zake bure hukatwa mara mbili.

Saa kumi na mbili na robo wakafika juu kabisa, na umeme ukakatika.

Umeme wetu unatoka Bara, unapita kwenye waya chini ya bahari mpaka Fumba, kwa hiyo likitokea la kutokea mtu hana pa kutazama ila majini. Mama Mdogo alikuwa hapa Disemba 2009, kaja kwa wiki mbili za harusi, siku kisiwa kilipoingia kiza. Kiza kile kilikwenda mpaka Machi 2010. Sasa akachungulia kutoka juu, akaniita kwa jina langu la utotoni mbele ya foleni nzima.

"Ni kama ule wa miezi mitatu?"

Nikamjibu sidhani, Mama Mdogo.

Jenereta tunalo. Limo chumbani, ufunguo anao fundi, na fundi yuko Makunduchi kihalali. Tukaanza kuizungusha pembea kwa mikono, wanaume watatu. Tukateremsha walio chini, upande mmoja ukawa mwepesi, mwengine ukawa mzito, ikabidi tukaze breki tungoje wanaume zaidi. Mjukuu mkubwa akapaza sauti kuwa ya Dubai haisimami. Nikamwambia ya Dubai ilisimama Machi 2022 na haikupandwa na mtu tena mpaka Disemba 2024. Akanyamaza. Nadhani alikuwa anapiga hesabu ya chakula.

Adhana ya Magharibi ikalia. Magharibi mara hii palikuwa peupe, hata kipande cha wingu hakuna, na mwezi uko pale umejipinda kama ukucha uliokatwa kwa haraka. Mama Mdogo ndiye aliyeuona mwanzo, alikuwa karibu nao kuliko sisi.

"Haya, mwezi wenu huo! Mwezi ngapi leo?"

"Mwezi tatu, Mama Mdogo."

"Tatu? Hebu uangalieni vizuri! Mwezi mnene vile ni mwezi nne! Mmenifungisha siku ya Idi!"

Foleni yote ikageuka magharibi. Mzee mmoja akasema yule mama ana haki. Mwengine akasema unene wa mwezi si hoja. Wanaume niliokuwa nimewapata kunisaidia kuvuta wakaachia chuma wakaingia kwenye mjadala.

Msimamizi akatoka ofisini na tochi, akaimulika pembea mpaka juu, akaniuliza yule mama anayepiga kelele ni nani.

Nikamwambia ndiye niliyemwandika kwenye fomu, pale penye sababu.