Yashica na Jua la Saa Saba

Kijana wa dada yangu ameacha kununua viatu. Hela yake yote siku hizi inaishia kwenye kamera za mkanda, na ya karibuni ni Yashica Electro 35 GSN, chuma cha Kijapani cha mwaka 1973 kinachokaribia robo tatu ya kilo. Lenzi yake haitoki, haibadilishwi, haivuti karibu. Iliyozaliwa nayo ndiyo itakayozikwa nayo. Anasema aliiona kwenye sinema ya The Amazing Spider-Man ya 2012, Peter Parker anazunguka nayo mjini. Sawa, lakini Peter Parker anapanda kuta kwa viganja, hawezi kushindwa na kamera. Mimi nimeletewa Tabata, na magoti haya.

"Shikamoo anko. Ijaribu hii, wewe si mtu wa enzi hizo?"

Marahaba, ila enzi zipi? Watoto hawa wanadhani kila aliyezaliwa kabla ya simu za mkononi alikuwa na kamera shingoni. Kamera alikuwa nayo mpiga picha wa mtaa. Alikuja sikukuu, mkajipanga mbele ya ukuta wenye chokaa, akachukua nusu ya hela, halafu akahamia Morogoro.

Taabu ya kwanza ilikuwa betri. Yashica hii iliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 5.6, na betri za zebaki zimeshaondolewa sokoni kwa ajili ya sumu yake. Inayopatikana leo ni ya volti 6, kembamba na kafupi, ukikatumbukiza kanazama bila kugusa kitu. Nikaenda kwa fundi saa Kariakoo. Mzee yule hakuniuliza hata swali moja. Alikata kipande cha kadi ya mwaliko wa harusi, akakizungushia betri mpaka ikanenepa, akachomoa springi kwenye tochi iliyokufa, akaitanguliza ndani, kisha akakaza kifuniko kwa sarafu. Akabonyeza pa kupimia betri, taa ikawaka. Akavuta mkono wa kusogezea mkanda, na ndani kukasikika "ko". Mpwa wangu aliposikia ile "ko" alikaribia kulia. Kumbe mle ndani kuna kipande cha mpira ambacho kikizeeka kinamung'unyika, hesabu za mwanga zinavurugika, na mlio unapotea. Wapenzi wa kamera hii huitikisa, huinusa, lakini hawatoi hela kabla ya kusikia "ko".

Mkanda nao ulipatikana, wa ISO 400, picha 36. Bei yake sitaitaja hapa kwa sababu mama watoto anasoma safu hii.

Sasa njooni kwenye malalamiko yenyewe. Nilihubiriwa lenzi hii kwa muda mrefu: milimita 45, tundu linafunguka mpaka 1.7, uso wa mtu unatoka mkali na nyuma yake kunalainika. Nikatoka nje saa saba mchana nikaone huo ulaini. Nikabonyeza kitufe nusu: mshale mwekundu. Maana yake mwanga umezidi, kwa sababu kasi ya juu kabisa ya kamera ni 1/500 ya sekunde. Nikabana tundu hadi 4, nyekundu. Kwenye 8, nyekundu. Kwenye 11, nyekundu bado. Ilipofika 16, ambako ndiko mwisho wa kubana, ndipo ikatulia. Na ukishafika 16, kila kitu kuanzia hatua tatu mbele yako hadi mnazi wa jirani kinatoka kikali, kwa hiyo ile mitambo yote ya kupimia umbali inakuwa pambo. Halafu mpwa akaniambia, kwa fahari, kwamba hata bila betri kamera haifi, inapiga kwa 1/500 peke yake. Lakini hiyo ndiyo kasi linayoitaka jua la Dar! Lenzi kubwa haikuwa na kazi, kipima umbali hakikuwa na kazi, na kadi ya harusi ya watu imekatwa bure.

Tena inajichagulia kasi yenyewe na haikwambii imechagua ipi. Ina mshale wa njano ukiwa gizani, mwekundu ukiwa juani, na kati ya hapo inakaa kimya.

Kinachonichosha zaidi ni mahubiri. Kijana anasema anaipenda kamera hii kwa sababu inamfundisha kutulia. Kutulia! Yashica walipoitoa Electro 35 ya kwanza mwaka 1966, sifa yake ilikuwa ule umeme wake: wewe chagua tundu tu, mambo ya kasi inajua yenyewe. Wahandisi wa Japani walikesha ili babu yake huyu asihangaike, leo mjukuu anailipia ili ahangaike. Hata John Glenn, alipoizunguka dunia Februari 1962, alibeba ya ukoo huuhuu: Ansco Autoset, ambayo ni Minolta Hi-Matic iliyobandikwa jina jingine, aliyoinunua dukani Florida kwa kama dola 40. Aliitaka kwa sababu ilijipimia mwanga, na yeye alikuwa amevaa glavu za mwanaanga. Yule hakuwa na muda wa kutulia.

Jumapili kulikuwa na kipaimara cha binti wa shemeji, nikasema angalau chini ya turubai nitaitendea lenzi haki. Ukichungulia kwenye kioo unaona kiraka cha manjano katikati, na ndani ya kiraka hicho kila mtu ana mzimu wake pembeni. Unazungusha pete ya lenzi mpaka mzimu umrudie mwenyewe. Hapo umbali umepatikana. Jambo jepesi, isipokuwa shangazi zangu walikuwa wamevaa kitenge cha sare, madoa ya mviringo kuanzia kola hadi kwenye kiatu. Mzimu wa doa la kwanza unalikalia doa la pili, unaona mambo yamelingana, kumbe umepima hewa iliyo kati yako na shangazi. Nikatafuta mstari ulionyooka. Nguzo ya turubai iko mbali. Soda inashikwa na mtu asiyetulia mkono. Mwisho nikaikamata fremu ya miwani ya shangazi mkubwa, nikaanza kuzungusha taratibu.

"Baba, tunayeyuka huku," akasema shangazi mkubwa bila kufungua meno, ili asiharibu tabasamu.

"Bado kidogo, shangazi."

"Kidogo hicho kina mwisho?"

Mshale wa njano ukawaka. Nikafungua tundu mpaka ukazimika, nikabana pumzi, nikabonyeza. Shata ya kamera hizi imo ndani ya lenzi, mlio wake ni mdogo kuliko wa kufungua kifungo cha shati. Mstari mzima ukaendelea kutabasamu.

"Tayari," nikawaambia.

"Mbona haijalia?"

"Haina kelele."

"Rudia, hiyo haijapiga."

Nikarudia, mkanda wenyewe bei yake tumekubaliana nisiitaje. Wakaja wote kwa pamoja nyuma ya kamera, wanasema tuone. Nyuma kuna ngozi nyeusi. Shangazi mdogo akaigusa kwa kidole, akaitelezesha kulia, akaitelezesha kushoto.

"Picha iko wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi, na sisi tunaondoka na gari la saa kumi?"

Shemeji akajitolea anipige na mimi. Akapiga, akasifia, akanirudishia kamera ikiwa na kifuniko cha lenzi mahali pake. Nisingemlaumu peke yake. Kioo cha kuchungulia kiko pembeni, jicho la kupimia mwanga liko pembeni, vyote viwili vinaona jua na kushangilia, na lenzi imefunikwa gubigubi. Kamera imeundwa na macho matatu, na moja likipofuka hayo mengine hayasemi.

Kusafisha nako kuna habari yake. Duka la mtaani lililokuwa likisafisha picha sasa linauza vocha na kutoa fotokopi. Mhudumu aliupokea mkanda, akautazama, akauliza unachomekwa wapi. Studio iliyopatikana mjini inangoja mikanda ifike kumi ndipo wachanganye dawa. Wetu ulikuwa wa tatu. Shangazi mkubwa akawa ananipigia asubuhi kuulizia afya yangu, na afya yangu ilimchukua sekunde mbili kabla hajafika kwenye picha.

Hatimaye zimekuja. Zimekuja kwa WhatsApp! Springi ya tochi, zebaki, mzimu wa manjano, dawa ya watu kumi, na mwisho wa yote nazitazama kwenye simu ileile ambayo ingezipiga Jumapili na shangazi wakaziona kabla ya gari la saa kumi. Na picha, hili ndilo linaloniudhi, ni nzuri. Miwani ya shangazi mkubwa imetoka kali mpaka nguzo za turubai zinaonekana ndani ya vioo vyake, na nyuma yake madoa ya kitenge yameyeyuka kama nilivyohubiriwa. Mpwa ameiangalia kwa muda mrefu, akanitazama kwa namna ambayo siipendi, akasema kuna kamera nyingine, Canonet, mahali inauzwa.

Shangazi mkubwa ametuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia. Ameipenda, anaitaka ya karatasi, kubwa, yenye fremu, na anataka kujua ataletewa lini. Nimemtumia namba ya mpwa.