Jinsi ya Kuanzisha Himaya Ngong kwa Vifuniko Ishirini vya Soda

Kwanza kabisa, usinunue chochote. Ukimwambia rafiki kwamba unataka kuanzisha mchezo wa kuigiza mezani, ule ambao mmoja anasimulia na wengine wanne au watano wanakuwa wahusika ndani ya hadithi, atakutumia picha za vitabu vinene vya rangi, sanamu ndogo za mazimwi na dadu zenye nyuso ishirini. Ni vitu vizuri. Lakini vinasafiri kwa ndege, vinalipiwa ushuru, na siku vitakapofika utakuwa umeshaghairi. Wewe ingia kioski chochote pale Ngong mjini uombe vifuniko ishirini vya chupa za soda. Hakuna atakayekuuliza ni vya nini. Viandike nambari, 1 hadi 20, kwa kalamu ya wino mzito, uvitie ndani ya kofia. Anayehitaji kujua bahati yake atachomoa kimoja bila kuchungulia, atakisoma, atakirudisha, kisha kofia itatikiswa. Hesabu ni ile ile ya dadu: kila nambari ina nafasi moja kati ya ishirini. Kifuniko kisiporudishwa hesabu yote inaharibika, kwa hiyo mteue mtu mmoja mwenye roho ngumu awe mlinzi wa kofia, na asiwe mtu wa kubembelezeka.

Ukishapata kofia, tafuta wa kuigwa. Mimi napendekeza Wajerumani, na napendekeza kwa moyo wote. Michezo hii ilianzia Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Ujerumani ilipata mchezo wake wa kwanza, Midgard, mwaka 1981. Kisha kampuni ya Schmidt Spiele, ile iliyokulia kwenye mchezo ulio ndugu wa ludo yetu, ikataka haki ya kuuza ule wa Wamarekani kwa Kijerumani. Mazungumzo yakavunjika. Basi wakamwendea Ulrich Kiesow, mtu aliyekwisha kuufasiri mchezo huo wa Marekani na kuujua ndani na nje, wakamwambia atunge wa kwao. Mwaka 1984 ukatoka Das Schwarze Auge, na ndani yake bara zima la kubuni liitwalo Aventurien. Kiesow alifariki mwaka 1997. Bara lake halikufa naye: toleo la tano la mchezo lilitoka mwaka 2015, na hadi leo kuna watu wazima wenye kazi na watoto wanaobishana juu ya nani alirithi kiti gani katika mji ambao haupo.

Hilo ndilo nataka ulichukue kwao, kuliko sheria zao na majina yao. Walinyimwa hadithi ya watu wengine wakaandika ya kwao, na ya kwao ikawapendeza zaidi. Sasa angalia Ngong. Ukikaa mezani Matasia ukaanza kusimulia juu ya kasri la theluji na mlevi wa kilabuni, wachezaji wako watakusikiliza kwa adabu, kisha watatoa simu. Simulia juu ya njia wanayopita kila siku, uone watakavyosogeza viti.

Kwa hiyo ramani. Ichore kwa penseli upande wa nyuma wa kalenda ya mwaka jana. Weka vilima vya Ngong na kilele cha Lamwia, mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, pamoja na mitambo ya upepo iliyoanza kuzunguka huko juu mwaka 1993. Weka handaki la reli mpya linalopita chini ya vilima hivyo kwa zaidi ya kilomita nne na kutokea upande wa Bonde la Ufa. Treni ya abiria ilianza kulitumia mwaka 2019. Jiulize ni nani alikuwa akiishi mle ndani ya mwamba kabla ya wachimbaji kufika, umeshapata hadithi ya miezi miwili. Teremka Kiserian, pita Kona Baridi, shuka Olorgesailie. Hapo mashoka ya mawe ya watu wa kale yametapakaa ardhini hadi leo, na wataalamu wamekuta vipande vya mawe meusi ya volkano vilivyobebwa kutoka makumi ya kilomita, miaka zaidi ya laki tatu iliyopita. Nani alivibeba? Alilipwa nini? Endelea hadi Magadi kwenye ziwa la chumvi lenye rangi ya waridi. Halafu panda Suswa, mpakani mwa Kajiado na Narok, ambako lava iliyopoa imeacha mapango marefu, na katika moja nyani hulala kwa makundi, nalo huitwa Bunge la Nyani. Mjerumani angelipa pesa nyingi kuwa na jina hilo kwenye ramani yake.

Sheria za mchezo zisizidi ukurasa mmoja. Nenda ukaazime moja tu kutoka kwa Das Schwarze Auge, maana ni sheria nzuri ajabu. Kwao, jambo gumu halipimwi kwa bahati moja. Linapimwa mara tatu, dhidi ya sifa tatu za mhusika, na kila mara nambari isizidi sifa yako. Kukwea kunapimwa kwa ujasiri, wepesi na nguvu. Tazama jinsi inavyokwenda mezani:

"Mko mdomoni mwa pango," anasema msimulizi. "Kamba mnayo moja. Chini ni giza, na mnasikia sauti nyingi zikibishana."

"Mimi nashuka," anasema dada aliyejichagulia kuwa mchungaji.

"Hungoji wenzako?"

"Kaka, mbuzi wangu yuko humo. Kofia iko wapi?"

Sifa zake ni ujasiri 13, wepesi 12, nguvu 11. Anachomoa 9: ujasiri upo, haogopi. Anarudisha, anachomoa 15: amezidi wepesi kwa 3, mguu umeteleza. Anarudisha tena, anachomoa 12: amezidi nguvu kwa 1, mikono inachoka. Deni lake ni 4. Lakini mchungaji huyu amekulia kwenye majabali na ustadi wake wa kukwea ni alama 5, kwa hiyo analipa 4 na kubaki na 1. Amefika chini akiwa na kiganja kilichochubuka, na mezani kila mtu amejua kilichompata bila msimulizi kutunga neno. Asingekuwa na ustadi wowote, hata kwa sifa 12 zote tatu, angefaulu kama mara 22 tu katika 100. Sheria hii inamheshimu mtu aliyejifunza kazi yake. Ndiyo maana naipenda.

Sasa nafika mahali ambapo sitalegeza kamba. Kwa miongo mingi michezo hii iligawa alama kwa kuzaliwa: ukiwa wa kabila hili la kubuni una wepesi zaidi, ukiwa wa lile una akili pungufu. Dungeons & Dragons wenyewe, katika kitabu chao cha mwaka 2024, wameziondoa nyongeza hizo kwenye asili ya mhusika na kuzipeleka kwenye maisha aliyoyaishi. Wewe usingoje kufundishwa na wao. Ploti moja ya Ngong ina Mmaasai, Mkikuyu, Mkamba, Mkisii na Mluo wanaoanika nguo kwenye kamba moja, na nchi hii inakumbuka machafuko ya mwanzo wa mwaka 2008. Mtu akipendekeza, hata kwa mzaha, kwamba watu fulani wapewe alama mbili za ujanja wa biashara, mwambie hapana, mweleze kwa nini, kisha mpe chai. Alama zitokane na kazi. Anayesukuma mkokoteni wa maji apate nguvu. Anayeuza mitumba Gikomba apate jicho la kutambua uongo. Makanga apate sauti, na uwezo wa kupenyeza watu watatu mahali pa wawili. Uwezo huo utawaokoa siku mtakapokimbizwa ndani ya handaki.

Na historia? Ipo, tena kubwa. A. C. Hollis aliandika mwaka 1905 kisa alichosimuliwa cha Mbatian, loiboni, yaani kiongozi wa kidini, wa Wamaasai. Alipokaribia kufa, akiwa mzee sana na mwenye jicho moja, alimwambia mwanawe Sendeyo aje asubuhi apokee vifaa vya uloiboni. Ndugu yake Olonana akasikia, akawahi gizani, akaingia kwa baba, akapewa yeye. Sendeyo hakukubali, akaondoka na watu wake, na vita baina ya ndugu hao vikaendelea hadi mwaka 1902 aliporudi kuomba amani. Hakuna mtunzi wa Ulaya atakayekupa mwanzo wa hadithi bora kuliko huo. Lakini watu wa ukoo ule wapo, ni majirani, na mambo ya uloiboni si ya kuigizwa kwa kofia ya vifuniko. Chukua mifupa ya kisa: baba asiyeona vizuri, wana wawili, usiku mmoja. Badilisha majina, badilisha kazi, fanya kifaa kinachorithiwa kuwa ufunguo wa kisima. Na kabla ya hapo nenda ukamwamkie mzee anayejua, mpelekee sukari, umwombe akusimulie. Atakuambia lipi linasimuliwa hadharani na lipi huachwa. Ukimsikiliza vizuri utapata msimulizi bora kuliko wewe, na pengine atataka kiti mezani.

Watu wa kucheza ndio shida halisi, na hapa ndipo himaya nyingi hufa kabla ya kuzaliwa. Usiulize kwenye kundi la WhatsApp ni lini watu wana nafasi. Utapata vidole gumba kumi na moja, na siku yenyewe utakaa na binamu yako. Tangaza: Jumamosi, saa nane mchana, kwangu, chai ipo, tunamaliza saa kumi na mbili. Jumapili ni ya kanisa na ya kufua. Anayetoka mjini kwa matatu ya 111 mwambie apande mapema, na anayetoka Kitengela achague mwenyewe kati ya kupitia Isinya na Kiserian au kuzunguka Nairobi. Mvua ikinyesha nauli itapanda, kwa hiyo weka akiba ya hadithi fupi ya watu watatu. Stima ikipotea, usiahirishe. Washa mshumaa, teremsha sauti, mpeleke kila mtu pangoni.

Alika mwalimu mmoja, sababu atasoma sheria. Alika fundi wa kujenga, sababu kila utakapotaja mlango atauliza bawaba ziko upande gani, na mlango utaanza kuonekana. Zaidi ya wote mwalike yule rafiki mkimya asiyezungumza harusini. Mpe zamu yake, umngoje, usimjazie maneno. Nimewaona wakimya wakisema sentensi moja mezani na hadithi nzima ikageuka kuwafuata wao. Nyama choma iletwe baada ya mchezo, maana mafuta na karatasi za wahusika havipatani, na wachoma nyama wa Kiserian hawatahama kabla ya saa moja usiku.

Majirani nao washughulikie mapema. Wajerumani, katika miaka yao ya mwanzo, waliwahi kuuza sanduku lenye kinyago cha kuvaliwa na msimulizi. Usikiige hicho. Kuta zetu ni nyembamba, na jirani akisikia saa kumi na moja jioni mtu akipaza sauti "Mpeni yule jini roho ya mbuzi!", hana kosa akishtuka. Hii ni nchi ambayo mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, kuchunguza ibada za shetani. Wasiwasi huo uliingia katika nyumba nyingi na haukutoka wote. Fungua mlango, acha pazia wazi, watoto wachungulie. Mama mwenye nyumba mwite mara ya kwanza kabisa, umpe kifuniko achomoe, umwambie: "Mama, wewe ndiye malkia wa Magadi, watu hawa wamekuja kuomba chumvi, unawajibu nini?" Atawaambia walipe kwanza. Kuanzia hapo hutasikia tena swali la mnafanya nini humo ndani.

Mkishacheza mara ya kwanza, andikeni siku hiyo hiyo. Aventurien ilikua kwa sababu iliandikwa. Ina hadi gazeti lake, Aventurischer Bote, linalotangaza habari za nchi ya kubuni jinsi gazeti lolote linavyotangaza za nchi halisi. Nanyi toeni la kwenu, ukurasa mmoja tu, mlipige picha kwa simu. Liwe na bei ya mbuzi wiki hii, tangazo la mchungaji anayetafuta kamba mpya, taarifa kwamba malkia wa Magadi amepandisha ushuru, na uvumi mmoja ambao hakuna aliyeuthibitisha. Kisha mpelekee mtu wa Kitengela mwenye meza yake ya mchezo, yeye aandike upande wa pili: kilichotokea mtoni, nani ameziba njia ya wanyama, na kama ule uvumi ni wa kweli. Akijibu tofauti na ulivyotaka, usimsahihishe. Chora nchi hiyo ya kwao kwenye ramani kama alivyoisema, na Jumamosi ijayo wapeleke watu wako huko wakaone.