Besi Imetorokea Wapi?

Siku hizi pale Makutano, mjini Meru, hununui tena spika za masikioni, unasomewa hukumu. Mabingwa wa kibandani watakuambia hii ina besi nzito, ile sauti yake kavu, na nyingine, Mungu apishe mbali, "haina roho". Jozi ya shilingi 200 inapimwa dhidi ya ya 6,000 kwa uzito wa kesi ya mauaji, huku matatu ya Maua ikipiga honi, makanga akigonga bati, na mhubiri wa ng'ambo ya barabara akikemea mapepo kwa kipaza sauti.

Kesi yenyewe huamuliwa na kipande cha mpira kinachoingia sikioni. Ndani ya kiboksi kwa kawaida mna vipira vya saizi tatu, na cha kati ndicho kilichovishwa kiwandani. Wengi huzeeka nacho. Kikipwaya, besi yote inavuja, na mwenye masikio anakimbilia spika ghali zaidi. Vya sponji huziba vizuri, ila hufifisha kidogo sauti nyembamba na havidumu kama vya silikoni. Tena sikio la kushoto halilazimiki kulingana na la kulia, jambo ambalo bingwa wetu hajalisikia, pengine kwa sababu ameziba yote mawili.

Mwishowe mnunuzi anachukua zisizo na waya, kisha anashangaa redio ya simu imekataa kushika Muuga FM. Waya ndio uliokuwa antena, bwana. Nawe, kabla hujatoa 6,000, jaribu vile vipira vilivyobaki kwenye kiboksi. Ulishavilipia.