Kungwi wa Kompyuta: Umemwacha Windows, Bado Unamwota

Barua zimefurika. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, watu wengi wamehama nyumba usiku. Mwenye kompyuta isiyo na kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho Windows 11 inakidai, aliambiwa anunue mashine mpya. Akapiga hesabu ya ada za watoto, akaona heri Linux Mint. Mchana hujisifu barazani kwamba sasa yuko huru. Usiku ananiandikia mimi. Sitamsuta mtu. Kungwi kazi yake ni kumfunda mwali, si kumuuliza kwa nini aliolewa.

*Shikamoo Kungwi. Natengeneza mabango, fulana na kadi za harusi Kariakoo. CorelDRAW nimeitumia miaka kumi na miwili. Shemeji yangu kanihamishia Linux, kanipa Inkscape. Juzi mteja kasimama nyuma yangu anasubiri kadi zake, nikabonyeza Ctrl na Q nigeuze maandishi kuwa mikunjo kama nilivyozoea. Inkscape ikaniuliza kama nahifadhi kazi, kisha ikaniaga. Nikaifungua, nikabonyeza tena, ikaniaga tena. Mteja akaniuliza kama nina cheti. Nimeaibika. — Vidole Vizito, Kariakoo*

Marahaba, mwanangu. Pole. Aibu ya mbele ya mteja haina dawa, ila hiyo Ctrl na Q inayo. Kwa CorelDRAW vibonyezo hivyo hugeuza maandishi kuwa mikunjo. Kwa Inkscape, kama kwa programu nyingi za Linux, maana yake ni kwaheri. Kichwa chako kimehama, vidole vimebaki kwa mke mkubwa. Ingia kwenye mapendeleo ya Inkscape, sehemu ya kibodi, utakuta mipangilio ya vibonyezo waliyoandaliwa wahamiaji wenzako, na mmojawapo ni wa CorelDRAW. Uchague huo. Hautakupa kila kitu, lakini vidole vitaacha kulia. Ukitaka kujifunza lugha ya wenyeji, kazi ile huku hufanywa kwa Shift, Ctrl na C.

Sasa nikupe umbea ambao shemeji hakukupa. CorelDRAW aliwahi kuja kuposa huku. Mwaka 1999 kampuni ya Corel ya Ottawa, Kanada, ilitoa hadi Linux yake yenyewe, na mwaka 2000 ikatoa CorelDRAW 9 ya Linux. Vigelegele vikapigwa. Mwezi wa kumi mwaka huohuo Microsoft ikaweka dola milioni 135 ndani ya Corel, na haukupita muda Corel akafunga virago huku kwetu. Anayetaka kusema posa ilivunjwa kwa fedha aseme yeye. Mimi nasoma tarehe tu.

Tabu yako halisi itakuja siku mteja atakapokuletea faili la CDR kwenye flashi. Inkscape hulifungua, lakini usishangae kukuta maandishi yamehama, kivuli kimepotea, na picha iliyofungiwa ndani ya umbo imetoka nje kama mtoto aliyeachiwa mlango. Mwombe akutolee PDF au SVG hukohuko kwake, maandishi yakiwa yameshageuzwa mikunjo. Halafu rangi. Inkscape hufikiri kwa RGB, rangi za kioo, na mwenye mashine ya kuchapa anataka CMYK. Ile nyekundu ya bibi harusi inayowaka kwenye kioo itatoka kwenye karatasi kama mchuzi wa maharage. Ipitishe kazi kwenye Scribus kwanza, yenyewe inatoa PDF ya CMYK. Na kama nusu ya wateja wako huja na CDR, basi nikuambie wasilolisema wapenzi wa Linux: bakiza mashine moja ya CorelDRAW pale dukani. Mitara inachosha, lakini watoto wanakula.

*Kungwi, nina miezi mitatu kwenye Linux na nyumba iko kimya mno. Hakuna dirisha jekundu linaloruka, hakuna wa kuniambia nimepona. Niweke antivirus gani? — Mpweke, Morogoro*

Unaumwa kutoumwa, baba. Kile kirusi cha flashi kilichokuwa kikigeuza mafolda yako kuwa vijishale kiliandikwa kwa ajili ya Windows. Huku kinalala tu kama mgeni asiyejua lugha. Ila unaweza kukibeba na kumpelekea jirani, kwa hiyo weka ClamAV uwe unakagua flashi za watu kabla hujazirudisha. Hiyo haitakuruhusu kubofya kila kiungo kinachosema umeshinda gari. Wizi wa nywila haubagui mfumo.

*Kwako Kungwi. Tasnifu yangu kwenye LibreOffice ina kurasa 94. Nikiipeleka steshenari ikafunguliwa kwa Word inakuwa kurasa 97, vichwa vya sura vimebaki chini ya ukurasa peke yao, na jedwali la matokeo limekatika kiuno. Msimamizi wangu ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba sina nidhamu. Nirudi kwa Word? — Kurasa Zinazotembea, Dodoma*

Kabla ya kukata talaka tuangalie nani mchawi. Kila herufi ina upana wake, na upana huo hutofautiana kutoka fonti hadi fonti. Calibri ndiyo iliyokuwa fonti ya kuanzia ya Word tangu toleo la 2007 hadi 2023, na ni mali yenye leseni, hivyo Linux haiji nayo. LibreOffice isipoikuta, huazima fonti nyingine. Azima iliyonenepa kidogo tu husukuma neno moja mstari wa chini, mstari husukuma aya, aya husukuma jedwali, na ukifika sura ya nne umeongeza kurasa tatu bila kuandika neno.

Dawa ipo, na ni ya bure. Tafuta fonti inayoitwa Carlito: sura yake si ya Calibri, lakini kila herufi imepimwa upana uleule, kwa hiyo mistari hukatika palepale. Caladea hufanya hivyo kwa Cambria. Kama chuo chenu kinataka Times New Roman, Liberation Serif ina vipimo vyake, na mara nyingi huwa imo tayari kwenye Linux yako. Hati haina haja ya kubadilishwa jina la fonti. LibreOffice yenyewe itajua nani anamwakilisha nani.

Lakini mwanangu, nimefundisha wengi na ninakujua. Kichwa cha sura ulikisukuma ukurasa mpya kwa kubonyeza Enter mara ngapi? Saba? Tisa? Hapo ndipo kalamu nyekundu ya msimamizi ina haki. Ctrl na Enter hukata ukurasa mara moja, na hautembei tena hata fonti ikibadilika. Vichwa vyako vipe mtindo wa kichwa, viambatane na aya inayofuata. Jedwali likataze kukatika. Hayo ungetakiwa uyafanye hata kwa Word, ila Word ya nyumbani na Word ya steshenari zilikuwa zikikufichia siri.

Kazi ya kuchapwa ipeleke ikiwa PDF. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kupeleka kumbukumbu za kikao cha kikoba chetu kwenye steshenari moja zikiwa bado DOCX. Jedwali la michango likakatika, jina la mweka hazina likabaki ukurasa mmoja na deni lake ukurasa mwingine. Mweka hazina alifurahi sana. Kwa msimamizi anayependa kuandika maoni pembeni, mtumie DOCX. LibreOffice husoma maoni na masahihisho yake, na ukiona sura ya LibreOffice inakutisha, ONLYOFFICE ina sura ya karibu zaidi na Word.

Na usidhani umeolewa ugenini. Babu wa hiyo LibreOffice, OpenOffice, alishasema Kiswahili mwaka 2004, kwa jina la Jambo OpenOffice, kazi ya mradi wa Kilinux uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu wa Uswidi.

*Kungwi, EA FC haifunguki kwenye Linux. Nimejaribu kila kitu. — Mshambuliaji wa Pembeni, Kisumu*

Na haitafunguka, kijana. Valve walileta Proton mwaka 2018, na tangu hapo michezo mingi ya Windows hucheza huku kupitia Steam kana kwamba imezaliwa hapa. Huo wako una askari wa kuzuia udanganyifu anayetaka kukaa ndani kabisa ya moyo wa Windows, na huku moyo wenyewe ni mwingine. Siku ukinunua mchezo, angalia kwanza ProtonDB, ambako wachezaji husema kipi kinacheza na kipi kinagoma. Kwa EA FC, nenda kwa mwenye PlayStation.

*Kungwi, ninachokikosa mimi ni IDM tu. Nilikuwa nashusha filamu kwa kasi ya ajabu. Ni kweli kila baada ya wiki kadhaa ilikuwa inaniambia nimesajiliwa kwa namba bandia, lakini fundi alikuwa ananiwekea nyingine. Nani wa kunifuta machozi? — Mwenye Bando la Usiku, Mbeya*

Wewe hukuwa na ndoa, mwanangu. Ulikuwa na hawara, na kila mwezi hawara alikukumbusha kwamba hujatoa mahari. Sikusemi wewe peke yako. Nusu ya barua zinazoniliza kwa Photoshop na Office zinatoka kwa watu ambao hawajawahi kuona risiti ya programu hizo, na machozi yao huwa mengi kuliko ya walionunua. Tena hizo kraki za fundi hutakiwa kuwekwa huku antivirus imezimwa. Kilichoingia pamoja nazo hukukiuliza.

Siri ya IDM haikuwa uchawi. Faili moja huligawa vipande, kila kipande kikaja kwa mlango wake, kisha akaviunga. Huku kazi hiyo hufanywa na aria2, ambayo haina sura wala madirisha. Unaiandikia mstari mmoja, aria2c -c -x 8 -s 8 na anwani ya faili, nayo inafungua hadi milango minane, umeme ukikatika, ukiurudia mstari uleule inaendelea ilipoishia. Ukitaka yenye madirisha kuna uGet, na kuna JDownloader kwa wenye RAM ya kutosha. Ila hakuna hata moja, IDM akiwemo, iliyowahi kukimbia kuliko bando lako. Ile kasi ya ajabu ilikuwa ya saa nane usiku, wenzako wamelala.

Nami nina langu, nisijifanye mtakatifu. Ninachokikosa ni IrfanView, kile kijiprogramu cha kutazama picha alichokianzisha Irfan Škiljan mwaka 1996. Kidogo, chepesi, picha mia tano za harusi unazipunguza ukubwa huku chai haijapoa. Nimeishi na gThumb, ni mtu mzuri. Nimeishi na XnView MP, ana elimu kuliko wote. Bado mkono wangu unamtafuta yule. Mwishowe nimemleta nyumbani kupitia Wine, ambayo ni kama mkalimani: programu ya Windows inaomba kwa lugha yake, Wine anaigeuza papo hapo iwe lugha ya Linux. Wenye Wine walianza kazi mwaka 1993 na toleo la 1.0 wakalitoa 2008. Eda ya miaka kumi na mitano! Programu ndogo na za zamani hukubali vizuri. Kubwa na mpya hukuletea maneno.

*Assalaam aleikum, Kungwi. Mimi ni mhasibu, nawawekea vitabu wenye maduka hapa Mombasa. Nilikwenda matanga Lamu siku nne. Niliporudi nikakuta mume wangu amenifutia Windows na kuweka Linux, ati ananiokoa. Tally yangu haipo, faili zangu za Excel zenye makro zinatoa makosa, na yeye ananiambia nitumie GnuCash. Nimenyamaza siku mbili. — Niliyeokolewa, Mombasa*

Waaleikum salaam, dada. Umefanya vyema kunyamaza, maana ningekuwa mimi mtaa ungenisikia.

Kwanza la dharura, soma hili kabla ya mengine. Kama data ya Tally haikunakiliwa kokote, izime hiyo kompyuta sasa hivi na usiiwashe. Kilichofutwa huenda bado kimo ndani ya diski mpaka kiandikwe juu yake, na kila unapofungua kivinjari kuna kinachoandikwa. Diski itolewe, iunganishwe kwenye mashine nyingine, TestDisk na PhotoRec zijaribiwe na fundi anayejua anachofanya. Asiwe mumeo.

GnuCash ni programu safi, na mwenye duka moja anayeanza leo ningemshauri aichukue. Lakini wewe huwekei vitabu moyo wako, unawawekea watu ambao wakaguzi wao wanataka faili la Tally. Huko hakuna mbadala, kuna Tally. Makro za Excel nazo LibreOffice huzielewa nusunusu: nyepesi zitapita, nzito zitakwama. Fomu za kodi za iTax angalau KRA imekuwa ikizitoa pia kwa ODS, na hizo LibreOffice huzifungua ukiruhusu makro zake.

Sasa ninamwita mume. Kaa hapo, baba. Kama kompyuta ilinunuliwa na Windows yake, leseni imefungwa kwenye mashine yenyewe. Ukiirudisha Windows itajitambua ikiingia mtandaoni, hununui tena. Windows itangulie, Linux ifuate kwenye sehemu yake ya diski, maana Windows ikija nyuma hupenda kukalia mlango wa kuwashia. Kama ina RAM ya GB 8 au zaidi, unaweza kuiweka Windows ndani ya VirtualBox, iishi kama mpangaji chumba cha uani. Kwa GB 4 usijaribu, mtapigana tena. Na kama ulikimbia kwa sababu Windows 10 imeachwa, jua kwamba Microsoft imeongeza masasisho ya usalama kwa wanaojiandikisha, hadi Oktoba 2026, kwa hiyo mkeo hakuwa anazama siku ulipoamua kumwokoa.

Linux yako iweke kwenye ile kompyuta ya zamani iliyo juu ya kabati. Jioni hii chakula unapika wewe, na diski unaipeleka kwa fundi kabla hujawasha jiko.