Magari 777, Hongera Nyingi

Wapo wanaonung'unikia bei ya magari ya doria. Hawana shukrani. Serikali iliagiza magari 777 ya Ashok Leyland kwa ajili ya polisi, kwa mkopo wa India. Saba tatu zimejipanga hivyo, halafu mtu mzima anauliza bei!

Novemba 2017 Rais Magufuli akafika bandari ya Dar es Salaam, akakuta baadhi ya magari ya polisi yamekaa tu. Watu wakasema uzembe. Uzembe gani? Gari lililoegeshwa halinywi mafuta, halili tairi wala halimgongi mbuzi wa mtu. Wakenya, kwa haraka zao, tangu 2013 wanakodi magari ya polisi: wanalipia gari ambalo hata kuliacha lioze hawana ruhusa.

Sisi wa Mtowisa, huku bondeni chini ya mlima wa Lyamba lya Mfipa, tunaelewa. Gari la mkopo ulishushe kwenye kona zile za mlima, kisha ulizamishe kwenye tope la masika la Bonde la Rukwa? Huko ni kulidhalilisha. Limezoea lami na misafara ya wakubwa. Tena mwizi wa ng'ombe huku anatembea kwa miguu. Kumfukuza kwa gari ni kumwonea. Na popote mlalamikaji anapoombwa kituoni achangie mafuta ya gari la polisi, asinune: amepandishwa cheo, sasa ni mfadhili kama India.

Ombi letu kwa wahusika ni dogo. Awamu ijayo yawe 888. Deni tutalipa.